Kabla ya Kuondoa Ngazi

Wanangu,

Mtu asipande juu ya paa, hata kama nyota ya sikukuu inaning'inia kwa waya mmoja. Fundi anakuja saa tisa. Atazifunga taa upya kwa vibanio, si kwa misumari. Zichomoeni kwenye umeme kabla hajazigusa.

Baba yenu amelala, kifundo cha mguu kimevimba. Barafu dakika kumi na tano, ndani ya taulo. Akishindwa kukanyaga kufikia mchana, nipigieni kazini.

Alfajiri niliikuta ngazi ukutani, nikairudisha stoo, kama ilivyo sheria yangu. Yeye alikuwa juu anafunga taa. Aliniona, akanyamaza, akajaribu kushuka kwa bomba la mvua. Likang'oka. Nilipomfikia pale chini akasema, "Si ulisema jana nisikusemeshe?"

~~Mwambieni mtu mzima hanuni juu ya paa.~~

Mwambieni sikuangalia juu, na nilipaswa kuangalia.

Sheria mpya, nimeibandika kwenye mlango wa stoo: kabla ya kuondoa ngazi, ita. Aliye juu aitike, hata kama amenuna.

Mama