Kidole Kidogo cha Kushoto

Jumatatu, 3 Machi
Msimamizi wetu pale kwa dobi ametangaza: kuanzia mwezi huu kila mfuaji atalipwa kwenye akaunti yake. Yake! Miaka tisa mshahara wangu unapitia kwa kaka, na kila mwisho wa mwezi napiga hodi kwake kuomba kilicho changu. Basi, imetosha. Kesho naenda benki.

Jumanne, 4 Machi
Aibu iliyoje! Mashine haisomi vidole vyangu. Sabuni na dawa ya madoa zimefuta alama zote. Karani, binti mpole, kajaribu kimoja kimoja, kisha akashauri tufungue akaunti ya pamoja, ndugu yangu aweke kidole chake. Kaka, aliyejifanya kunisindikiza tu, keshakunja mikono ya shati! Nikamwambia karani: ngoja, bado kimoja. Kidole kidogo cha kushoto – huwa hakisugui kitu. Taa ikawaka kijani. Kaka akakumbuka ana haraka.

Jumatano, 5 Machi
Kadi ninayo! Karani kaniasa: namba ya siri asiijue mtu, hata mama mzazi. Nimeitikia vizuri sana. Nimefika nyumbani nikaiandika kwenye kalenda ya sebuleni. Humu ndani kila kitu kinaandikwa pale – kliniki ya mama, siku tuliyobadili mtungi wa gesi, simu ya fundi bomba. Mkono umekwenda wenyewe.

Alhamisi, 6 Machi
Kaka alikuja kumjulia hali mama. Kasimama mbele ya kalenda muda mrefu mno kwa mtu asiye na miadi. Mjinga ni mimi! Nimetoka mbio na kadi yangu hadi kwenye mashine ya benki, nikabadilisha namba. Mpya iko kichwani. Ile ya ukutani sikuifuta. Abaki nayo!
Mama ananisihi nimwandike tu kaka kwenye akaunti, eti yeye ndiye baba sasa. Nimemjibu baba hakuwahi kunipigisha hodi. Kaninunia hadi chakula cha jioni.

Jumapili, 9 Machi
Kadi haimo mkobani. Kaka alipita hapa baada ya chakula cha mchana.
Saa kumi, ujumbe wa benki: namba ya siri si sahihi. Tena. Tena! Halafu: kadi imezuiwa na mashine, mwenye akaunti afike mwenyewe. Nilicheka peke yangu jikoni. Kisha nikalia. Tumelala tumbo moja, mimi na yeye. Inauma.

Jumatatu, 10 Machi
Kaka kaja alfajiri, kanyoa ndevu. Eti kadi aliiokota mlangoni, akaenda kuijaribu kama ni nzima. Mashine imeimeza. Na kwa kuwa lazima twende benki, kaja na fomu ya kuongeza jina lake, tumalize yote safari moja. Uso mkavu!
Mama kainuka. Kavaa miwani, kaiendea kalenda, kaifuta ile namba kwa kalamu hadi karatasi ikatoboka. Kisha kamuuliza mwanawe: wewe uliijuaje?
Nimewaacha huko, nimefunga mlango wa jikoni. Tangu Jumanne nafua na glavu mkono wa kushoto, kidole changu kipumzike. Chai bado ya moto. Kaka anasema nifungue, tuzungumze kama ndugu.
Anapiga hodi. Kaka! Mlangoni kwangu! Mara ya pili hii –
Sijaitika bado.