Wewe Sikukuambia Uketi

Aboowe Nuur, kaka yangu,

Sikuulizi hali, hali yako sasa iko kwa Mola. Nakuletea ya huku Garissa, na ukisikia nafoka usishangae. Si wewe uliyekuwa ukisema, "Habiba alizaliwa na pilipili mdomoni"? Basi bado ipo, na wiki hii imemwasha mkubwa wangu wa kazi.

Siku hizi nafundisha wauguzi. Wametoka Wajir, Bute na Elwak, nawafunza kumhudumia mtu mwenye maradhi mawili kwa pamoja: akili imemvurugika, na miraa imemshika. Mkubwa anataka niwafundishe sharti moja, kwamba anayetafuna arudishwe mlangoni. Aache kwanza, ndipo atibiwe kichwa. Ameliandika kwenye karatasi na Jumatatu anataka saini yangu.

Sharti hilo nalijua. Wa kwanza kulitumia kwako nilikuwa mimi.

Ulinijia shavu limevimba kwa majani, sauti zinakutukana hata ukiziba masikio. Ukaniambia, "Habiba, nikiacha miraa zinazidi kelele." Nami, na kofia yangu nyeupe ya uuguzi, nikaandika kwenye kadi yako: Arudi akiacha miraa. Hooyo, mama yetu, akakupeleka kwa sheikh. Alikusomea kwa upole, kisha akasema kichwa kitulie kwanza hospitalini, ya miraa yatafuata. Huku kwanza hili, kule kwanza lile! Adeer, ami yetu, akakufunga mguu kwenye nguzo. Ulilia mpaka mama akakufungua, ukashika barabara ya Wajir kwa miguu, kiangazi kile. Wachunga ngamia ndio waliokuokota, umeshakata roho.

Watu walisema siku yake imefika. Naamini kadari, Aboowe. Lakini mwandiko ule ulikuwa wangu. Na wewe ndiye uliyegombana na Adeer ili mimi nisome, ukanibeba mabegani hadi shule siku mvua ilipojaza njia, ukiimba vibaya makusudi ili nicheke. Walahi, nikikumbuka hapo naweka kalamu chini kwanza.

Sasa sikia. Tulipoanza, kliniki ilikuwa ya asubuhi, na hakuja mtu. Watakujaje? Asubuhi mtafunaji amelala. Nikawaambia wanafunzi wangu, gari la miraa likishaingia mchana, tutawafuata walipokaa. Lo, kelele! "Sista, watu watasema wauguzi wa serikali wanatafuna!" Nikawajibu waseme mpaka wachoke. Somo la kwanza: keti kwenye mkeka, kunywa chai, na usiulize lipi lilianza, wazimu au miraa. Yote mawili yamo ndani ya mtu mmoja na yote unayatibu leo.

Yuko mmoja wa Elwak, Abdullahi, mdomo wake haujui likizo. Siku ya kwanza alimwambia mgonjwa, "Shetani amekaa shavuni mwako." Nikampa adhabu: akae na mtu huyo, Bishaar, hadi Alasiri bila kutoa hata nasaha moja. Ilikaribia kumuua. Lakini karibu na adhana Bishaar akafungua moyo mwenyewe. Akasimulia sauti zake, akasimulia na vidonge anavyomeza ili apate usingizi baada ya kutafuna. Sasa anachomwa sindano ya kutuliza sauti kila mwezi, vidonge vile ameacha, na mabunda mawili yamekuwa nusu bunda. Kuna siku anateleza. Tunamfuata. Mnyororo aliokuwa akifungwa nyumbani, sasa mama yake anafungia mbuzi, na mbuzi mwenyewe analalamika kuliko alivyolalamika Bishaar.

Alhamisi mkubwa aliingia darasani, na Bishaar naye akaingia kufuata sindano, jani bado liko shavuni. Mkubwa akamwonyesha mlango. Nilifungua kinywa, lakini sikuwahi. Abdullahi alikuwa ameshasimama. "Mzee, huyu ni mgonjwa wangu. Akitoka, natoka naye." Wakasimama wote, mpaka yule binti wa Bute anayeona haya hata kuitikia jina lake. Bishaar akachomwa sindano yake palepale. Nami nililia mbele ya wanafunzi wangu, na sioni aibu.

Ndipo mkubwa akaniwekea karatasi mezani. Nisaini, au nitahamishwa na mafunzo yafungwe.

Siweki saini. Anihamishe! Mandera kuna wagonjwa, Elwak kuna wagonjwa, na miraa inafika kote. Mafunzo atayafunga vipi, na yameshaingia vichwani mwa watu? Kila mmoja wao atarudi kwao na mkeka wake. Hooyo anaogopa nitakosa kazi. Ninaogopa pia, sikufichi. Nilichokifanya kwako nakiogopa zaidi.

Mungu akupanulie kaburi, kaka yangu, akunyamazishie kila sauti. Nakuahidi: yeyote atakayenijia, vyovyote atakavyokuja, nitamwambia karibu, keti.

Wewe sikukuambia. Nisamehe.

Dada yako,
Habiba