Kichupa cha Babu Yako na Swali la Hakimu

Bonde la Hanui,
Arhangai, Mongolia.
11 Novemba 2019

Mpendwa mpwa wangu Zolbayar,

Kabla ya yote ujue kwamba anayekuandikia ndiye mtu anayetajwa kuliko wote Arhangai nzima kwa sasa. Hata hakimu aliahirisha kesi ya ng'ombe hamsini ili anisikilize mimi kwanza.

Je, baridi ya huko Korea unaionaje? Kifua kimepona? Sisi tu wazima. Mifugo imenenepa kiasi. Juzi walitokea mbwamwitu saba, nikawafukuza kwa sauti tu. Mama yako Dolgor anakohoa asubuhi, lakini ulimi wake mzima kabisa.

Sasa pokea habari chungu. Kile kichupa cha ugoro cha marehemu babu yako, ambacho kingekuwa chako siku ya ndoa yako kwa kuwa mimi sina mtoto wa kiume, nilikiuza mwezi wa sita kwa tugriki laki saba. Mvua ilikuwa imetukataa na nyasi za majira ya baridi ilibidi tununue.

Mnunuzi ni mchuuzi wa sufu anayeitwa Choimbol. Aliingia hemani, tukapokezana vichupa kama wanaume wanavyosalimiana. Cha babu yako hakukirudisha upesi. Alikigusisha shavuni, akafumba macho. Mimi nikadhani anamheshimu marehemu, kumbe mjanja yule anapima ubaridi wa jiwe, maana jiwe la kweli halipati joto upesi. Akasema, "Mzee, hiki ni cha kupendeza macho tu."

Nikamjibu, "Usinifundishe mawe, kijana. Watu wa makumbusho huja kuniuliza mimi."

Akatabasamu, akahesabu noti.

Mwezi wa nane mama yako alikwenda Ulaanbaatar kutibiwa, akakiona dukani ndani ya kabati la kioo, na kile kizibo chake cha marijani chenye ufa. Akiki halisi, jiwe la thamani, kwa tugriki milioni arobaini. Aliporudi alinitajia bei hiyo kabla ya salamu.

Tukashtaki. Wakili alitueleza kwamba mauzo yanaweza kuvunjwa ikiwa muuzaji hakujua alichokuwa nacho na mnunuzi akamficha makusudi. Njia nzima mama yako alikuwa na wimbo huohuo: "Kaka, sema hukujua. Ukishasema, funga mdomo."

Nusu ya bonde ilikuwa ukumbini. Choimbol akajitetea kwamba mimi mwenyewe nilijitangaza bingwa wa mawe. Mama hakimu akavua miwani, akaniuliza kwa upole, "Bwana Sanjaa, siku ile ulijua kuwa ni akiki, au hukujua?"

Alinifungulia mlango wazi kabisa, mpwa wangu. Mama yako akanivuta mkono wa joho. Nikawaona majirani wananitazama, nikasema, "Mheshimiwa, hakuna jiwe nisilolijua."

Basi, kesi ikaishia hapo. Anayejua anauza kwa hiari yake, ndivyo alivyoamua. Choimbol akanipa mkono mlangoni, akaniita bingwa. Tangu hapo kisimani wananiokotea kokoto: "Profesa, hebu tupimie hili." Wanaume wakininyooshea vichupa vyao sina cha kuwapa. Nasema nimekisahau nyumbani, na wao wanajua.

Nilipewa siku kumi na nne za kukata rufaa, zimebaki tano. Wakili anataka niandike kwa mkono wangu mwenyewe nilichokuwa nakifikiri siku ile. Nimeshaharibu karatasi tatu.

Mama yako anakusalimu sana, na shangazi Handaa vilevile. Shangazi ndiye atakayekuletea jibini kavu akija huko kwa mwanawe. Msalimie mchumba wako, mwambie mahari hayajapungua, ni kichupa tu. Mbingu ikufunike na ikurudishe kwetu na afya yako.

Maelezo yale anayoyataka wakili nimeona nianze kuyaandika kwako, maana uko mbali na hutanicheka usoni. Nilidhani ni kioo, Zolbayar. Kioo cha kawaida. Na Choimbol alipotoka na kile kichupa, nilijiona nimempunja.

Mjomba wako akupendaye,
Sanjaa