Mikunjo ya Zaituni

Arusha, penye baridi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje, na mdogo wangu Rehema na kichanga chake wameamkaje? Sisi wazima, ila mkwe wako pale stesheni mafua hayamwachi. Kila asubuhi anaugombeza mlima huu kana kwamba utahama.

Mama, tafadhali usiikunje barua hii kabla hujafika mwisho. Najua umekataza jina la mamako lisitajwe nyumbani, na ndiyo maana mtoto wa Rehema hajapewa jina hilo. Leo niache nilitaje.

Si unajua nashona barazani kwa Mhindi? Juzi akaja mama mmoja wa Kimeru, mkulima wa kahawa. "Nishonee zaituni ya Krismasi." Nikamshushia jora la kijani. Akacheka mpaka akashika nguzo. "Si rangi, wewe! Zaituni ni gauni!" Eti gauni lenye mikunjo mitatu juu ya pindo. Kwa nini linaitwa hivyo? "Mimi nitajuaje? Ndivyo linavyoitwa."

Wallahi chakula hakikupita. Unanijua kwa udadisi. Nikapanda naye hadi juu ya Usa River, kwa mama mkwe wake, Koko Anaeli. Koko ndiyo bibi, huku. Nilipokuwa nampima akanikazia macho. "Mbona unacheka na pini mdomoni kama Zaituni?"

Mama, kumbe mamako alikuwa fundi wa kutajika! Alikuja na mumewe kutoka Pangani zama za Mjerumani, mume akafa vitani, yeye akabaki akiwashonea mabibi harusi wa mlima huu. Na kila Idi alishona gauni la binti yake Mwanahamisi, aliyemwacha mdogo kule Pangani kwa wazazi wa mumewe. Alituma mawili, wakwe wakayarudisha. Hakuacha kushona. Ila hakujua tena binti amerefuka kiasi gani, ndipo akaanza kuweka mikunjo mitatu, ifumuliwe ikibidi. Magauni yakaishia kuvaliwa na watoto wa huku, na watu wakadhani mikunjo ni pambo.

Mwanahamisi ni wewe, Mama. Nililia mbele za watu na sikuona haya. Je, kuna aliyewahi kukuambia? Na kwa nini hakukufuata mwenyewe? Koko nikimuuliza hilo anageukia migomba yake. Nitamuuliza tena.

Wanawake wa pale wamenipa vipande vya zaituni zao kuukuu. Nimeviunga vikawa gauni moja, viraka vya kila rangi, na jina lake nimelitarizi ndani ya mkunjo wa chini. Mkwe wako anasema hili ni la kutundikwa ukutani, si la kuvaliwa. Mwache na mafua yake. Nami sijui siku hizi umenenepa au umekonda, ndiyo maana nimeiacha mikunjo yote mitatu.

Nisalimie Rehema, kaka wa kwenye mkonge, na shangazi anayekukanda goti.

Gauni limo humu kwenye kifurushi. Safari hii lisirudishwe. Livae, fumua mikunjo, kisha umwambie Rehema mtoto anaitwa nani.

Mwanao wa barazani,
Asha