Mama Sikukuu, Siku Yako Hatuisogezi

Mwaka umezunguka, Mama Sikukuu, umerudi palepale ulipotuacha: siku ya taifa, saa nne asubuhi, gwaride likipita chini ya dirisha letu. Nakuandikia gazetini kwa sababu kuna watu nataka wasikie. Binti yetu mwalimu ndiye ameshika kalamu, na ameshaniambia mara mbili, "Baba, fupisha." Nimemjibu, mama yako sikuwahi kumfupishia maneno akiwa hai, nianze leo?

Wewe ulikuwa fundi cherehani, mimi mpiga pasi, kiwanda kimoja, tunatengeneza bendera za sherehe ya kwanza kabisa. Mimi badala ya kuangalia pasi nikawa nakuangalia wewe. Mara nanusa moshi. Bendera ya taifa, alama ya pasi katikati, nyeusi tii! Msimamizi angeiona, kazi ningebaki kuisikia redioni. Uliichukua ile iliyoungua ukaikalia, kweli kabisa, ukaikalia kama mto wa kiti, ukashona nyingine wenzio wakiwa wanakula. Haraka ile ikakusahaulisha kutoa uzi wa bandi, ule wa kushikizia nguo kabla ya kushona. Ulikuwa wa rangi ya waridi, uliobaki uliposhona kigauni cha mtoto wa dada yako. Ukafungiwa humo ndani ya pindo. Ukanirushia bendera: "Haya, piga pasi. Na safari hii macho chini."

Tangu hapo kila bendera iliyopita mikononi mwako iliachiwa uzi mmoja wa waridi ndani ya pindo, sasa makusudi. "Huu wa yule kipofu wa pasi," ulikuwa unawaambia wenzio. Uzi wenyewe uliisha zamani, ukawa unanunua mwingine na kuniapia ni uleule. Nilijua.

Harusi tulifunga siku ya taifa kwa sababu kiwanda kilifungwa siku hiyo tu. Tunatoka mlangoni, wanajeshi hao wanapita na matarumbeta yao, na wewe na shela lako ukawapungia mkono kama umewaagiza. Mjomba wako akasema, "Huyu bibi harusi atatupeleka jela!" Miaka mitatu baadaye ulikuwa unamalizia bendera za sherehe nyingine, ukainuka, ukasema, "Mgongo." Kesho yake mizinga inapigwa, mtoto naye analia. Ndiyo huyu Sikukuu, fundi bomba, ana mvi sasa na jina bado halijamtoka.

Kwa hiyo mtu akiniambia siku ya taifa ni ya serikali, namshangaa. Wao wanaihesabu na sisi tunaihesabu. Wao wana miaka yao ya uhuru, sisi tuna harusi na mtoto. Na sasa tuna wewe.

Mwaka jana, ukiwa mgonjwa kitandani, nilitaka kufunga dirisha, kelele zilikuwa nyingi. Ukasema, "Acha, nione." Ulizoea kunionyesha bendera zikipita: ile yangu, ile siyo yangu. Safari hii ukaangalia muda mrefu, zote zimechapwa kwa mashine, zinachanika pembeni. Ukasema, "Hizi hazina pindo." Basi. Hilo ndilo neno lako la mwisho, la fundi mpaka mwisho. Nje watu wanapiga makofi. Na sisi humu ndani tukalia tumeziba midomo kwa mashuka, tusije tukaambiwa tumeharibu sherehe. Hilo linaniuma mpaka leo. Hukuliliwa, mke wangu. Ulinong'onezwa.

Wiki iliyopita mwenyekiti wa mtaa kaniita ofisini. Kasikia tunataka kukukumbuka siku yenyewe, viti nje, mbele ya nyumba.

"Mzee wangu, sogeza siku moja tu. Siku ya taifa si siku ya kuweka msiba barabarani."

"Nimsogeze vipi? Yeye alipokufa hakunipa tarehe ya akiba."

"Mzee, usinitie matatani. Wakubwa watapita pale."

"Wapite. Barabara pana."

Sikukuu kanivuta shati, "Baba, twende." Mimi macho yangu yako kwenye bendera iliyosimama konani, nyuma ya kiti chake, imepauka. Nikainuka, nikalishika pindo. Mwenyekiti karuka, "Wee mzee, hiyo ni mali ya serikali!" Nikamwambia, mwanangu, nimezipiga pasi hizi kabla hujaota meno. Nikafumua nyuzi mbili kwa ukucha. Ukatoka. Wa waridi, mbichi kabisa, kama umeuacha jana.

Kauangalia. "Nani kaweka hiki?"

"Huyo unayeniambia nimsogeze. Miaka yote umekaa umempa mgongo."

Kajikaza: "Mimi sijakuruhusu, mzee."

"Sijakuomba ruhusa. Nimekuja kukualika."

Basi, Mama Sikukuu, ni siku ya taifa, saa nne asubuhi, mbele ya nyumba yetu. Cherehani yako itakuwa mlangoni, bendera ile iliyoungua imetandikwa juu yake, maana nilijua uliificha wapi. Gwaride likipita tutasimama, tuliishona wenyewe heshima hiyo. Halafu tutakulilia kwa sauti, midomo wazi, na mwenye hotuba yake aongeze kipaza sauti. Na ninyi mnaosoma, mwenye bendera ya zamani nyumbani aje nayo. Tutafumua pindo tuone ipi ni yake, na mimi nitazirudishia pindo, ingawa mshono wangu utakuchekesha.

Tunaokukumbuka ni mimi mumeo, kipofu wako wa pasi. Sikukuu na mkewe. Mwalimu na mumewe. Dada yako, ambaye bado anadai uzi wake. Wajukuu zako saba. Na wenzako wawili wa kiwandani waliobaki, wamesema watakuja hata kwa kubebwa.

Kukusahau hatuwezi, na tarehe haisogei.