Timu ya Chuo Bila Kaka Mika

Jumamosi, 10 Mei

Nimesaga uwele, nimeteka maji, nimekwenda kuni. Kuni ni uongo. Sijamwambia mtu yeyote, hata katika sala sijalitamka: kila Jumamosi alasiri napanda majabali yaliyo juu ya uwanja wa chuo, nalala kifudifudi, natazama mpira. Na si mpira peke yake. Napenda wanapoumizana. Mtu akipigwa teke la ugoko na kuanguka vumbini, kifua changu kinajaa. Mimi, ambaye shuleni nilishindwa kuitika jina langu likiitwa. Mimi ambaye Bibi wa shule alisema mbele ya wote kwamba ni mpole.

Leo tumefungwa. Nasema tumefungwa ingawa chuo ni cha wavulana wanaosomea ualimu, na shule yangu ya wasichana nimeiaga tangu Pasaka. Watu wa reli wametufunga mpaka wakachoka kushangilia.

Sishangai. Timu ya mwaka jana imekwisha. Baadhi wamekwenda kufanya kazi ya reli, baadhi wamerudi kuchunga. Walio wakubwa kuliko wote walichukuliwa na boma kuwa askari, na kaka yangu Mika ndiye aliyetangulia. Wale waliokuja kutoka boma kutazama mchezo hawakutazama mchezo. Walitazama mapaja. Wakaahidi nyama kila juma, na mwaka ule mvua ilikuwa imetunyima. Mika akaweka kidole kwenye karatasi ya miaka mitano. Tangu siku hiyo Mama anapika kimya.

Nataka arudi nyumbani. Sina haja nyingine.

Jumatano, 14 Mei

Mwalimu Andrea ameanza upya. Nimewaona nikitoka kisimani. Wadogo watupu. Wengine sauti bado za kike. Mpira ule wa Ulaya umetoboka, umeshonwa kiraka cha ngozi ya ng'ombe, na ukidunda unakwenda kombo. Mwalimu amekataa kuubadilisha. Anasema watakaouzoea mpira mbovu hawatasumbuliwa na mzuri.

Anatembea na ufito. Anayepiga mpira juu anachapwa miguuni. Mpira uende chini, kwa mwenzako, haraka. Nehemia wa Kongwa, mlinda mlango, anafumba macho kila mpira ukija. Mwalimu amemfunga mikono nyuma, akaagiza wenzake wampige mpira kifuani mpaka aache kufumba. Alilia. Kisha akaacha kufumba.

Yuko mmoja mgeni, Yona, katoka Kibakwe. Mfupi. Mdomo wake haupumziki. Ndiye nahodha. Sikuelewa kwa nini mpaka nilipomwona akianguka. Anaanguka na kuinuka kabla vumbi halijatua.

Jumamosi, 24 Mei

Reli tena. Tumetoka sare! Nimeuma kitambaa cha kichwa ili nisipige kelele.

Karibu wachezaji wote wa reli ni Wanyamwezi, na Wanyamwezi ni watani wetu Wagogo tangu babu zao walipokuwa wakipita hapa na mizigo ya pembe. Mtani ana ruhusa yake. Atakutukana, atakunyang'anya chakula mkononi, hata kwenye msiba wako atafanya fujo, na ukikasirika wewe ndiye mshenzi. Kwa hiyo mechi ya reli ni matusi tangu mwanzo hadi mwisho.

"Mgogo! Leta sikio lako hilo refu nitundike sufuria!"

"Utundike ya nini, Mnyamwezi? Kichwa chako si ndicho chanja?" Huyo Yona.

"Mwaka wa njaa mlikula viatu vyenu!"

"Vyenu. Vyetu tulikuwa hatuna."

Hata mimi juu ya jabali nilicheka. Halafu wakagongana vichwa, yeye na beki wao, na sauti ya mfupa ilinifikia. Damu ilimtoka Yona puani mpaka kitovuni. Yule beki alivua shati akampa ajifutie. "Jifute, mtani, unanichafulia uwanja." Wakaendelea.

Yona alifunga bao akiwa bado anavuja.

Jumamosi, 7 Juni

Nitaandika kwa mpango.

Leo tumecheza na askari wa boma. Mika alikuwa kwao. Sijamwona tangu mwezi wa pili. Amenenepa shingo. Wengine wakipiga mpira, yeye anapiga watu. Alimrukia Nehemia, ambaye yeye mwenyewe mwaka jana alimfundisha kuogelea bwawani, akampiga teke la tumbo. Nehemia alitapika uji. Mika hakugeuka kumtazama.

Kwa mara ya kwanza sikuifurahia damu. Niliona aibu, kisha hasira. Nilitamani mtu amwangushe.

Tumefungwa, lakini si vibaya. Tatizo halikuwa mpira.

Ombasha Farijala, mkubwa wao, alikuwa amesimama pembeni na sare zake zote, kofia yenye tai wa bati. Mchana kutwa alikuwa akizungumza Kinyamwezi na watu wa reli waliokuja kutazama. Kinyamwezi safi, cha kucheka nacho. Mechi ilipokwisha Yona alimwendea, akamvua kofia, akajivika mwenyewe.

"Mtani, mzigo huu umekuelemea. Ndiyo maana shingo imeingia ndani."

Wagogo tukacheka. Watu wa reli hawakucheka. Wao walijua. Farijala si Mnyamwezi. Aliletwa Unyamwezi akiwa mtoto, ametoka Kongo kwa kamba shingoni, akakulia katika nyumba za watu. Lugha anayo. Ukoo hana, na utani ni wa ukoo. Mtu asiye mtani akikuvua kofia mbele ya watu, amekuvua nguo.

Farijala alimpiga Yona ngumi ya mdomo. Alipoanguka akamkanyaga mkono kwa buti, akausaga kama anayezima moto. Mwalimu Andrea alipiga magoti, akaomba radhi. Mtoto amekosea, alimdhani mtani. Farijala akajibu kwa sauti ndogo, "Kofia hii ni ya serikali. Serikali ina mtani?"

Askari wamemchukua Yona.

Jumatatu, 9 Juni

Hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Ndiyo hukumu ya bwana shauri, Mzungu mkuu wa boma, kwa kudharau kofia ya serikali. Watu wa karibu na boma wameamriwa kuja kutazama. Mama aliniambia nibaki. Nilikwenda.

Walimlaza kifudifudi juu ya pipa. Mmoja alimshika mikono, mwingine miguu. Farijala akachukua kiboko, akakipima mkononi, kisha akamwita Mika.

Mika alisimama. Akakipokea.

Sitaandika yote. Fimbo za kwanza Yona alinyamaza. Kisha alianza kumwita mama yake, kisha akaacha kuita mtu, ikawa sauti tu. Ngozi ilifunguka. Kila Mika alipolegeza mkono, Farijala alisema, "Hiyo haihesabiwi." Kwa hiyo zikawa zaidi ya hizo walizosema. Mimi hesabu ilinipotea. Nzi walikuja kabla hajamaliza.

Alipomaliza, Mika alirudisha kiboko kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha bakuli la mgeni. Akapiga saluti. Macho yake yalipita juu yangu. Hayakusimama.

Namchukia. Nimeandika. Namchukia kaka yangu, na bado nataka arudi. Sijui vitu hivi viwili vinakaaje katika mtu mmoja.

Alhamisi, 12 Juni

Yona amelazwa chuoni, chumba cha mwisho. Mama ametumwa kupeleka samli ya kupaka, nami nikambebea. Nilisimama mlangoni nikitazama vidole vyangu vya miguu.

Watu wa reli walifika nasi tukiwa pale. Watatu, pamoja na yule beki. Waliingia bila hodi.

"Kumbe hujafa? Tumetembea bure. Tulikuja kula ubwabwa."

"Geuka tuone. Loo! Mgogo, umelimwa matuta vizuri. Tupande karanga?"

Mama alishtuka, akataka kuwafukuza. Lakini Yona alikuwa anacheka, uso ndani ya mto. Anacheka na machozi yanamtoka kwa maumivu ya kucheka. "Niacheni, nitakufa."

"Kufa, tuko hapa, tutakuzika kifudifudi."

Kisha yule beki akachukua samli mkononi mwa Mama, akampaka yeye mwenyewe, polepole, akiendelea kumtukana.

Jumamosi, 28 Juni

Chuo moja, reli hakuna. Yona hakucheza. Alikaa chini ya kivuli bila shati, akipiga kelele. Nehemia hafumbi macho tena. Alijitupa miguuni pa mtu, akakanyagwa sikio, mpira hakuuachia. Hawa wadogo wamekuwa timu. Mwezi uliopita walikuwa wanakimbilia mpira wote kama kuku na mtama. Sasa unapita kati yao kama habari.

Nilipaswa kufurahi. Bwana shauri ametuma salamu: anataka askari wacheze na chuo tena, yeye mwenyewe atatazama. Mwalimu Andrea amewauliza wavulana. Wote walimtazama Yona. Yona akasema, "Mika atakuwepo?"

Wakamwambia atakuwepo.

"Basi tucheze."

Leo vilevile tumesikia kwamba kikosi cha hapa kitapelekwa kusini baada ya mavuno. Mama aliposikia, aliketi chini pale pale alipokuwa, kwenye majivu.

Jumamosi, 12 Julai

Nilishuka kutoka kwenye majabali. Nilisimama uwanjani na wanawake wengine. Hakuna aliyeuliza.

Viti vya wazungu upande wa kivuli. Farijala nyuma yao. Yona aliingia akiwa na shati, na kabla ya kuanza lilikwisha kulowa mgongoni, maji ya vidonda.

Askari walianza vilevile, viwiko na mabuti. Mwanafunzi mmoja aling'olewa jino. Akaliokota, akalitia mfukoni, akaendelea. Lakini mpira walikuwa hawaupati. Mpira wetu wenye kiraka ulikwenda kombo, na wadogo walijua utakwenda wapi. Askari walijua pa kupiga mtu tu. Watu walianza kuwacheka. Bwana shauri naye alicheka. Farijala aliona.

Yona na Mika waliufuata mpira mmoja, katikati, mbele yangu hasa. Nimemtazama Mika akicheza tangu alipokuwa akicheza mpira wa matambara, na najua anavyofanya mtu akimjia kwa miguu. Anaruka. Mguu wa kushoto unatangulia kuinuka, kama mbuzi anavyovuka mfereji. Hajawahi kukosea. Leo Yona alijirusha chini, miguu mbele, hasira yote ya mgongo wake ndani yake, na Mika alimwona. Nina hakika alimwona. Akauweka mguu wa kushoto chini. Akaukaza.

Ulivunjika kwa sauti ya kuni kavu. Mfupa ulitoka nje ya ngozi.

Askari walivua mikanda. Walipiga kila mwanafunzi aliyekuwa karibu. Walimpiga Mwalimu Andrea kwa bizimu la mkanda, jicho likaziba. Walimwinua Yona kwa nywele, na Farijala alikuwa anakuja mbio na kiboko. Mika, akiwa chini, alimshika Farijala mguu. Akapaza sauti ili wazungu wasikie. "Ni mchezo, bwana! Ni mchezo! Kijana hana kosa!"

Bwana shauri aliinuka, akanyoosha mkono. Wakaacha.

Nani kashinda, hakuna aliyeuliza.

Jumatatu, 14 Julai

Daktari wa boma ameunyoosha mfupa. Wanaume wanne walimshika. Mama alikuwa nje ya ukuta, alisikia. Amerudi na meno yanagongana.

Chuoni wanamwimba Yona. Wanafunzi, watoto wa kisimani, mpaka watu wa reli. Mdogo wa Kibakwe aliyelipa kiboko kwa mguu. Yeye mwenyewe, wanasema, haimbi. Anakaa tu.

Jumamosi, 2 Agosti

Wamemwachia Mika. Mguu umeunga kwa kupinda, hawezi mwendo wa kijeshi. Wamemnyang'anya sare, wakampa shuka. Watu wa reli wamemleta juu ya machela, wakilalamika njia nzima kwamba Mgogo mzito kuliko pembe ya ndovu.

Mama alimgusa uso kama kipofu. Kisha akaenda kuchemsha mlenda. Alikuwa anaimba, kwa sauti ya chini, hakujua kama anaimba.

Jumapili, 17 Agosti

Baada ya ibada Yona alikuja na kibuyu cha maziwa. Alisimama uani. Alimwamkia Mama, akamtazama Mika, akautazama mguu.

"Nilikusudia," alisema.

"Najua," Mika akamjibu. "Nami nilikupiga."

"Basi."

"Basi. Kaa."

Alikaa. Wakanywa maziwa kwa zamu. Wakazungumza habari za Nehemia, kwamba anatoka mapema mno langoni. Yona alipoondoka alikuwa ameinua kichwa, anatembea kama mtu aliyetua mzigo.

Nilikuwa naosha mguu wa Mika kwa maji ya moto. Alisema bila kunitazama, "Ulikuwa pale mbele."

"Ndiyo, kaka."

"Umeona?"

"Nimeona."

Kuku walikuwa wanapekua juu ya paa la tembe, udongo ukitumwagikia. Nikaendelea kuosha, nikaukausha, nikaufunga kitambaa.

Askari anayejivunja mwenyewe hufungwa mnyororo, au hutiwa kamba shingoni, akanyongwa. Na Yona, akijua, atabaki na nini? Mgongo ule tu. Kwa hiyo wewe, kama umeziokota karatasi hizi na umefika hapa, nakuomba kwa upole wangu wote. Usimwambie mtu. Mwache Yona na mguu alioupata kwa haki, na umwache Mika alale. Sasa hivi amelala.