Gia Kumi na Nane

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, na wifi mpe za kwake kabla hujaendelea kusoma, maana nakujua, ukishaikunja barua utasahau. Mgongo bado unakusumbua? Na wanangu, wanasoma au wanakuzungusha tu? Sisi huku wazima. Shemeji yako anakusalimu sana. Goti lake ni lile lile. Halimuumi kama mwanzo, lakini halikunjiki sawasawa, na klachi ya lori haina huruma na goti la namna hiyo.

Nimekaa muda mrefu bila kukuandikia, wala si kwa kukosa maneno. Kuna jambo nilitaka kwanza nione litaishia wapi.

Kazi naendelea nayo, barabara ile ile ya mlimani, saruji kwenda na mbao kurudi. Tangu lile pipa limwangukie shemeji yako ghalani, napangiwa dereva mwenza mwingine. Wenzetu wamembatiza Gogo, na hawakukosea. Akishaingia kwenye kitanda cha nyuma ya viti, huyo halali, anazimika. Ni mtu mwema, simsemi vibaya. Lakini kaka, miaka yote ile niliyoendesha na mume wangu kwa zamu, gia ikiingia laini, nyuma ya pazia kulikuwa kimya. Ikilia hata kidogo, nilisikia kikohozi. Hasemi neno, anakohoa tu. Nilikuwa nakasirika kweli. Siku hizi gia ikinigomea natega sikio, nasikia Gogo anakoroma.

Basi bosi akaamua kubadilisha malori ya mlimani. Muuzaji akaleta mawili tuyajaribu. Bosi aliniita ofisini akasema mlima ule naujua kuliko yeye anavyolijua jiko lake, kwa hiyo nimpe maoni yangu, naye atanunua aina moja tu ili mafundi wasihangaike na vipuri vya aina mbili.

La kwanza lilikuwa la gia kumi na nane. Najua unacheka, wewe uliyestaafu na lori la gia sita. Usiogope, mkono hauendi sehemu kumi na nane. Njia za kuingiza gia ni chache tu kama unazozijua, ila juu ya fimbo ya gia kuna swichi mbili. Moja inakuhamisha kutoka gia za chini kwenda za juu, nyingine inaigawa kila gia nusu mbili, nzito na nyepesi. Lori lako lile, ukishusha gia mlimani injini ilipiga mayowe, ukipandisha ilikata roho. Hili unashusha nusu tu, na injini inabaki pale pale inapopenda kukaa.

Fundi mkuu alipanda nami, tukiwa na mzigo kamili wa saruji. Kona ya kwanza nikashusha nusu, iliyofuata nikashusha gia nzima, nikikanyaga klachi mara mbili kama ulivyonifundisha, na gia zikawa zinaingia kana kwamba zilikuwa zinanisubiri. Kule juu, kabla mteremko haujaanza, nikachagua gia ya chini nikaliacha lori humo. Injini ikatushikilia hadi bondeni, breki nikawa nazigusa tu. Fundi mkuu, ambaye hana tabia ya kusifu mtu, akaniuliza nilijifunzia wapi. Nikamwambia kwa kaka yangu. Machozi yalinilenga, na sikujua kama ni ya furaha au ni kwa sababu kitanda cha nyuma kilikuwa kitupu.

La pili halikuwa na klachi ya kukanyaga kabisa. Pedali mbili tu, ya mafuta na ya breki, na gia linabadilisha lenyewe. Nililipanda kwa dharau. Mlima lilipanda, siwezi kulisingizia, ila kwenye kona kali lilikuwa linafikiri kwanza. Mteremkoni unaweza kuliamuru kwa kitufe lishike gia ya chini, nalo linatii. Nilishuka nikiwa nimeshaamua, na wenzangu uwanjani walikuwa wameshaniamulia. Kumi na nane.

Jioni nikamsimulia shemeji yako. Siku hizi anakaa dirishani, mguu juu ya kigoda, na malori yakipita barabarani ananiambia nani kawahi gia na nani kachelewa. Nikamweleza lile la kwanza, swichi zake, kona moja baada ya nyingine. Kisha nikauona mkono wake, kaka. Ulikuwa umeshika kikombe cha chai, unakisogeza mezani, mbele, nyuma, pembeni, mbele tena, unanifuata mlima mzima. Na ule mguu mbovu ulikuwa unatetemeka juu ya kigoda ukijaribu kukanyaga. Mwenyewe hana habari. La pili sikumtajia.

Sasa nafika pale ninapoogopa kufika, maana nayakumbuka maneno yako ya dhihaka kuhusu malori yasiyo na klachi.

Asubuhi nilimwambia bosi ukweli wa yote mawili. La kwanza ni bora mikononi mwa anayelijua, na linatengenezeka popote. La pili dereva mgeni hulizoea upesi na hawezi kuliunguza klachi kwa uzembe, lakini likiharibika linataka fundi mwenye kompyuta. Kisha nikamuuliza kama mtu ambaye mguu wa kushoto haumtii anaweza kuruhusiwa kuliendesha. Bosi akaweka kalamu chini.

"Unajiombea au unamwombea mtu?"

"Namwombea mtu," nikamjibu. "Ukinunua la pili, mpe nafasi apimwe. Akishindwa, sitalirudia ombi hili."

Alinunua la pili. Alisema ana sababu zake mwenyewe, amechoka na vijana wanaomwunguzia klachi. Fundi mkuu alininunia, wenzangu wakasema nimewauza. Mimi nilikuwa nasubiri daktari ampime shemeji yako. Akaridhika. Watu wa leseni wakamjaribu barabarani, nao wakaridhika.

Juzi tumepanda mlima pamoja. Alishika usukani, mimi pembeni. Mguu wa kushoto ukawa unatafuta klachi sakafuni, haukuipata, akaunyoosha kando. Kwenye kona kali lori likafikiri, ndipo likashusha gia. Akatikisa kichwa.

"Limechelewa," akasema. "Mimi ningeshusha pale kwenye jiwe."

Nikageukia dirishani asinione uso.

Lile la kumi na nane lilirudishwa kwa muuzaji. Nililitazama likitoka getini. Mkono wangu unalitamani hadi leo, hata nikiwa nimekaa sebuleni. Nimeuambia uvumilie.

Ukitaka kunicheka, nicheke, lakini mwandikie na shemeji yako umcheke yeye pia, atafurahi kuhesabiwa tena miongoni mwa madereva. Nimekukumbuka mno, kaka. Wakumbatie watoto, waambie shangazi yao yupo njiani, kama kawaida yake.

Mimi mdogo wako,
wa kiti cha pembeni kwa sasa